Hesabu Mbele ya Kioo

Mhadhara uliotolewa Likoni kwa wanafunzi wa uhasibu na wa hesabu za bima, pamoja na wazazi wao



Nimeombwa nizungumze juu ya mashaka yampatayo mtu anapoketi mbele ya kompyuta kufanya mtihani wa kazi ulio wa hesabu, na nadhani walioniomba walitaraji kwamba nitaanza kwa kuilalamikia stima na intaneti, kisha niteremke. Hayo nitayafikia, kwani ni kweli na yanaumiza; walakini siyo asili ya jambo. Ninaloshikilia mimi ni kwamba hesabu, kinyume cha insha ya sheria au ya uongozi, haifikiriwi kwanza ikaandikwa baadaye, maana hufikiriwa kwa mkono, juu ya karatasi, katika kule kuandika kwenyewe. Na kwa hiyo amwondoleaye mtahiniwa kalamu akampa kibodi hakumbadilishia ala peke yake, amembadilishia na mtihani, na mtihani huo mpya una kanuni zake ambazo aghalabu hakuna mwalimu aliyezitia katika ratiba ya masomo.

Bodi yetu ya mitihani ya wahasibu na makatibu, KASNEB, iliundwa chini ya Wizara ya Fedha mwezi wa Julai 1969, na kwa miaka hamsini na ushei mtu aliyetaka kuitwa mhasibu wa umma, yaani CPA, alijua kwamba njia yake ni kalamu, kikokotoo na kijitabu cha majibu. Mtaala uliotolewa mwaka 2021 ukaingiza katika daraja ya juu ya CPA karatasi ya vitendo, ya uchambuzi wa data za biashara, ambayo hufanywa kwa kompyuta. Wale wanaofuata mitihani ya ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, waliyaona haya mapema zaidi: karatasi za daraja ya kati zilianza kufanywa kwa kompyuta Septemba 2016, zile za juu zikafuata Machi 2020. Na wale wachache waliochagua hesabu za bima, yaani kazi ya aktuari, wakapigwa na wimbi kubwa kuliko wote. Taasisi yao ya Uingereza, IFoA, ambayo asili yake ni chama kilichoanzishwa London mwaka 1848 na kingine cha Edinburgh cha mwaka 1856, ilikuwa tangu mwaka 2019 na karatasi B ya kompyuta katika masomo ya hesabu na takwimu, ilhali karatasi A ilisalia ya kalamu; ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, na kalamu ikaondoka nayo. Mtu aliyetumia miaka akijizoeza kuziandika alama za hesabu kwa mkono akaambiwa azipige chapa katika Word.

Alama zenyewe si za mchezo. Maaktuari wa ulimwengu walikutana London mwaka 1898, katika kongamano lao la pili, wakaafikiana juu ya mfumo mmoja wa maandishi ambao ungali unatumika hadi leo. Herufi moja ya a, mathalan, yaweza kubeba nukta mbili kichwani, umri wa mtu mguuni upande wa kulia, pembe ndogo inayoizunguka idadi ya miaka, na namba nyingine iliyoning'inia kushoto; na kila kidude katika hivyo kina maana yake, hata nukta zile mbili zikidondoka, malipo yaliyokuwa ya mwanzo wa mwaka yamegeuka ya mwisho wa mwaka, na jawabu limeharibika. Kwa kalamu, alama nzima hiyo ni kufumba na kufumbua. Kwa kibodi, ambayo haijui ila kwenda mbele kwa mstari mmoja, sharti mtu aingie menyu hii, atoke aingie ile, atafute kisanduku cha chini, arejee cha juu, na akimaliza amekwisha kusahau alikuwa akithibitisha nini. Waliobuni mfumo ule walikuwa na uwanja wa karatasi mbele yao, wenye juu na chini, kulia na kushoto, nao wakautumia wote.

Wapiga chapa waliijua taabu hii kabla yetu, na ukurasa wa hesabu siku zote uliwagharimu zaidi kuliko ukurasa wa maneno. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford huko Marekani, alipoletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, alichukizwa na sura ya hesabu zake hata akaiweka kando kazi ya uandishi, akajitia kubuni programu ya kupanga chapa aliyoiita TeX; alitumaini kuimaliza upesi, na hadi kuiweka sawa ikapita takriban miaka kumi. Ikiwa bwana mwenye ilimu kama hiyo alihitaji miaka kumi kuifunza mashine iandike hesabu kwa adabu, basi mtoto wa Mtongwe aliyepewa saa tatu na dakika chache ana haki ya kusikilizwa anaposema kwamba wasaa haukumtosha.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuziacha alama na kuandika kwa maneno. Vijana hucheka nikilisema hili, lakini Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, alipotunga kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya tisa, hakuwa na alama ya kujumlisha wala ya usawa. Aliandika yote kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi, ilimu ambayo mashehe wa pwani hii wameisomesha kwa karne nyingi bila ya mashine yoyote. Tazameni lile suala mashuhuri la mimbari. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, na wazazi wake wote wawili. Mke ana thumuni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama sudusi. Ukizileta hisa zote katika ishirini na nne zinakuwa 3 na 16 na 4 na 4, jumla 27, nazo zimeipita mali. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu pale pale, pasi na kuikatiza khutba yake, kwamba thumuni ya mke imegeuka tusui; na kweli, 3 katika 27 ni tusui. Sentensi moja, haina alama hata moja, na hesabu yote imo ndani yake.

Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi wangu: ukiona alama inakupotezea dakika, iandike kwa maneno mara moja tu, useme kwamba kuanzia hapa herufi A itasimama badala ya thamani ya leo ya malipo ya mwisho wa mwaka kwa miaka mitano, kisha uitumie A yako mpaka mwisho wa jawabu. Mtahini mwadilifu hatakunyima haki yako, maana amepewa kupima fahamu, hakupewa kupima urembo wa khati. Sharti tukiri, hata hivyo, kwamba dawa hii haiponyi kila ugonjwa: uthibitisho mrefu wenye hatua kumi, ukiandikwa wote kwa maneno, humlemea mwandishi na humchosha msomaji, na ndiyo maana wanazuoni waliomfuata al-Khwarizmi walizitafuta alama.

Sasa niliingie jambo ninaloliona zito kuliko yote, nanyi mtanivumilia nikilikalia. Chukueni hesabu iliyo nyepesi: shilingi 100,000 zitalipwa mwisho wa kila mwaka kwa miaka 5, na riba ni asilimia 10 kwa mwaka, zina thamani gani leo? Kwa kalamu mwanafunzi huandika juu moja kutoa 1.1 yenye kipeo cha hasi tano, akapiga mstari, chini ya mstari akaandika 0.1, akapata 3.7908, na jawabu ni takriban shilingi 379,079. Ule mstari mrefu alioupiga umefanya kazi kubwa kimya kimya: umevikusanya vyote vilivyo juu yake vikawa kitu kimoja kabla havijagawanywa. Kibodi haina mstari ule. Badala yake kuna mabano, na asiyeyaweka, akaandika 1-1.1^-5/0.1, mashine haimwonyi wala haimkemei. Humpa hasi 5.209 kwa utulivu ule ule ambao ingalimpa jawabu la haki. Hivyo shilingi laki tano za kulipwa zimekuwa hazina thamani, tena zimekuwa deni! Mwenye akili iliyotulia ataliona kosa hilo. Mwenye dakika nne zilizosalia, na saa ya kioo ikimhesabia kwa wino mwekundu, huenda asilione.

Mabano basi ni faradhi, na hilo walimu wengi hulisema. Lisilosemwa ni kwamba hata sheria za utangulizi, kipi hupigwa hesabu kwanza na kipi baadaye, si moja katika programu zote. Iandikieni Excel =-3^2. Mwalimu yeyote wa hesabu atawaambia jawabu ni hasi tisa, kwa kuwa kipeo hutangulia, na hasi husubiri. Excel hujibu tisa, kwa kuwa kwayo alama ya hasi iliyo mbele ya namba hutangulia kipeo. Programu ya R, ukiipa -3^2, hujibu hasi tisa kama mwalimu. Na katika mitihani ile ya IFoA, masomo ya takwimu, yale ya CS, hufanywa kwa R, na masomo ya hesabu, yale ya CM, hufanywa kwa Excel. Maana yake ni kwamba mtahiniwa mmoja, katika msimu mmoja, anatakiwa aitii sheria hii leo na ile kesho, na hakuna bango mlangoni linalomwambia kwamba amevuka mpaka.

Wala msidhani kwamba hili ni chuku ya mwalimu anayependa kutega. Kanuni ya mgawanyo wa kawaida, ambayo hakuna mtu wa takwimu asiyeijua, ndani yake mna kipeo cha hasi nusu ya mraba wa x. Mwanafunzi akiweka 1 katika kisanduku A1, kisha akaandika =EXP(-A1^2/2), Excel humpa 1.6487, ilhali jawabu la haki ni 0.6065. Mstari wake ni sahihi machoni. Ukiunakili katika karatasi na kumpa ustadhi yeyote wa Chuo Kikuu ausahihishe, atautia tiki. Kosa halimo katika hesabu yake, limo katika tabia ya mashine asiyoijua, na dawa yake ni mabano mawili tu, =EXP(-(A1^2)/2). Nauliza basi: alama zilizopotea hapo zimepotea kwa ujinga wa ilimu gani? Mtu atasema kwamba mhasibu wa leo hana budi kuijua Excel, na akiwa kazini benki au bandarini Kipevu kosa kama hilo litamgharimu mwajiri wake fedha. Nakubali, tena nakubali kwa moyo mkunjufu; ila asemaye hivyo akubali naye kwamba huo ni mtihani wa Excel, autangaze hivyo, na aufundishe hivyo, asiuingize kwa mlango wa nyuma ndani ya mtihani wa takwimu.

Ni haki pia niitolee kompyuta ushahidi mwema. Katika jedwali la Excel kila kisanduku hubeba nyuma yake kanuni iliyokizaa, na msahihishaji hukifungua akaiona. Watahini wa ACCA wamewanasihi watu mara nyingi waandike kanuni ndani ya kisanduku, wasiandike namba tupu, kwa sababu mwenye kukosea hatua ya pili akaenda sawa katika hatua zote zilizofuata hulipwa kwa hizo alizokwenda sawa, maadamu njia yake inaonekana. Mimi nimewaona vijana, tena hodari, wakipiga hesabu kwa kikokotoo kilicho kando, kisha wakaandika jawabu peke yake katika kisanduku, kama kwamba jedwali ni ubao wa kutangazia matokeo. Jawabu likiwa na kosa la tarakimu moja, hapana cha kuokoa. Kwa upande huu karatasi haiishindi kompyuta. Mitihani ya kuchagua jawabu ni mbaya zaidi: mtihani wa kwanza wa maaktuari wa Marekani, ule wa uwezekano, una maswali 30 kwa saa 3, kila moja la kuchagua, na aliyefanya kazi ya dakika sita akakosea kuondoa moja hatofautiani na yule aliyefumba macho akabahatisha.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye karatasi. Mtihani wowote wa hesabu ulio mbele ya kioo una kazi mbili, ya kufikiri na ya kupeleka jawabu, na kazi ya kufikiri haina budi kupewa mahali pake. ACCA, kwa wanaofanya mtihani katika kituo, imeruhusu karatasi ya rafu. Kwa waliofanyia nyumbani, chini ya jicho la kamera, ilikatazwa, na badala yake wakapewa uwanja mdogo wa kuchapia ndani ya kioo. Sababu inaeleweka, kwani karatasi ya nyumbani huenda ikawa imeandikwa tangu jana. Lakini mtu wa hesabu aliyenyimwa karatasi hujaribu kubeba kichwani namba saba kwa wakati mmoja, na namba moja tu ikimponyoka hurudi mwanzo. Fauka ya hayo, huko nyumbani ilikuwa hairuhusiwi kutamka wala kuchezesha midomo, na sisi watu wa pwani tumelelewa kuhesabu kwa sauti tangu chuoni. Ukimkataza mtu wetu kunong'ona saba nane hamsini na sita, umemnyang'anya nusu ya kumbukumbu yake. Mwishoni mwa mwaka 2025 ACCA ilitangaza kwamba kuanzia Machi 2026 mitihani ya nyumbani itakoma ila kwa wenye udhuru maalumu, kwa kuwa hila zimezidi ulinzi. Wengi walisikitika. Mimi sikusikitika sana, kwa ajili ya karatasi ile ya rafu.

Waliosikitika, hata hivyo, walikuwa na hoja, na hoja yao ndiyo inayotuleta hapa bara ya Mombasa. Mtu wa Shika Adabu au wa Timbwani akitakiwa kituoni kisiwani saa mbili asubuhi, hujui kama feri itampakia mara moja au itamwacha gatini akitazama saa. Daraja ile ya waendao kwa miguu, ya Liwatoni, iliyofunguliwa wakati wa korona, iliwapunguzia wengine adha, lakini feri ingali ndiyo njia ya wengi. Wa Mjambere na Mtopanga ana foleni ya Nyali. Mitihani ya nyumbani ilimwondolea haya, ikamletea mengine: chumba kisichoingiwa na mtu kwa saa tatu, jambo ambalo katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, na watoto wasiojua mtihani ni nini, halipatikani ila kwa kuwahonga majirani kwa maneno matamu.

Na stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaingia tena. Kompyuta ya mapajani ina betri, lakini kifaa cha intaneti ukutani hakina. Lililo la ajabu ni kwamba nyaya za baharini zinazoiletea Afrika Mashariki intaneti hutua papa hapa Mombasa: TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah, ilifika mwaka 2009, SEACOM mwaka huo huo, EASSy mwaka uliofuata. Kijana wa Kisauni aishi jirani na mlango wa intaneti wa eneo zima, naye hununua bando la siku, akilipima kama mpishi apimavyo mafuta ya taa mwisho wa mwezi. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika zote mbili huko kusini, ukaribu huo haukumfaa kitu.

Nimeambiwa nitoe na ushauri, nami sina ushauri mrefu. Vyuo vyetu vya uhasibu, vya Changamwe kama vya kisiwani, viache kufundisha hesabu kwa kalamu muhula mzima kisha vikawapeleka vijana kwenye kompyuta wiki ya mwisho. Mwanafunzi apige kwa kibodi zoezi moja la kila juma, kwa saa, na lisahihishwe pamoja na mabano yake. Serikali ya kaunti ione kama ukumbi mmoja wa Likoni na mmoja wa Kisauni hauwezi kutiwa kompyuta ishirini na betri kubwa, ili mtoto ajizoeze kwa miezi, asiionee mashine haya siku ya mtihani. Bodi za mitihani zitangaze mapema ni programu gani na ya toleo gani itakayotumika, na ziruhusu karatasi ya rafu katika kila kituo, zikiitoa zenyewe na kuikusanya zenyewe.

Na kwa wale wanaotengeneza vyumba hivyo vya kompyuta, nina neno la useremala. Meza nyingi nilizoziona zimekatwa kwa upana wa kioo na kibodi, basi. Mtahiniwa akipewa karatasi yake ya rafu huiweka juu ya paja, au juu ya kibodi yenyewe, na kila akitaka kuandika hesabu huifunika mashine, na kila akitaka kuchapa huifunika hesabu. Ubao wa meza uongezwe upande wa kulia, nafasi ya karatasi moja iliyolazwa, na kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto upande wa kushoto. Fundi yeyote wa Magongo atawafanyia kazi hiyo kwa bei ya kuzungumzika.